Shamba la Mabukwe, Nusu ya Juu

Jumamosi, 15 Februari 1992

Leo naanza kuandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu za usalama. Gaudiose, mke wangu, Kiswahili chake ni cha sokoni: nyanya, punguza, mwizi. Haya mengine hatayaweza. Mimi nilikipata Mwanza, nilipokuwa najifunza kufungua redio, nikarudi nacho Kigali pamoja na bisibisi kadhaa na tabia ya kuuliza kwa nini. Bisibisi zimepotea. Tabia ipo.

Habari kubwa. Mabukwe, yaani mama mkwe wangu, ametangaza mambo ya shamba. (Jina lake silitaji. Mkwe hataji jina la mama mkwe, hata akiwa peke yake na kalamu.) Miguu imemchosha, hapandi tena mlima. Shamba lake lililo juu ya Kimisagara, lililolala tangu mwaka juzi, analitoa. Ana wakwe wawili: mimi, na mwanyumba wangu Évode, aliyemwoa Claudette, mdogo wa Gaudiose. Kila mmoja ashike nusu, apande maharage, msimu huu huu wa masika. Atakayemletea kikapu kizito zaidi apewe shamba zima.

Mimi hakuniambia. Alimwambia mbuzi. Ndivyo tulivyo: yeye hanisemeshi ana kwa ana, mimi simtazami usoni, tunaheshimiana mpaka shingo zinauma. Akiwa na neno anamgeukia mbuzi wake, Madamu, anamweleza kwa sauti ya kunifikia mimi, nami nasikiliza huku nikikagua bati la jirani. Madamu anajua siri za ukoo huu kuliko padri.

Évode ni tarishi katika wizara moja kule Kacyiru. Anabeba barua kutoka chumba hadi chumba, lakini ukimsikia anavyozungumza utadhani ndiye anayezitia sahihi. Leo kasema suala la shamba "atalifuatilia kwa karibu".

Mkubwa achague kwanza. Mkubwa ni mimi. Nikachagua nusu ya juu! Ya chini ina udongo mzito na mteremko wake ni wa huruma, najua. Lakini aliye juu anamwona aliye chini, anamsoma kama gazeti. Évode alishukuru haraka mno. Bado nawaza kwa nini.

Gaudiose hakucheka. Alisema msimu uliopita aliinamia mashamba ya watu kule Gatsata, kutwa nzima, akalipwa maharage ya kujaza upande wa kanga. Alisema mgongo wake hautaki tena shamba la mtu mwingine. Nikamwambia aniachie mimi. Akaitazama mikono yangu. Mtazamo wake una historia.


Jumatatu, 17 Februari

Maajabu!

Siku hizi kila mtu ananiletea redio. Vita iko kaskazini na kila nyumba inataka kujua iko wapi leo. Ismaël wa Biryogo, muuza vitenge, aliniachia yake, imekuwa bubu tangu Noeli. Nililehemu waya mmoja, ikafufuka. Katika kuijaribu nikaangukia kipindi cha Kiswahili cha wakulima, kutoka mbali, sauti inakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa. Bwana mmoja akisema kuna wakulima Brazil ambao wameacha kugeuza udongo. Hawalimi! Wanafyeka majani, wanayaacha yalale hapo hapo kama blanketi, wanatoboa tundu kwa kijiti, wanatia mbegu, wanaenda nyumbani. Na wanavuna kuliko waliolima.

Bwana yule akasema, sasa sababu yake ni hii. Hapo hapo Ismaël akaingia, akakuta redio inazungumza, akafurahi, akaizima asimalize betri, akaikumbatia. Nikamwomba aniachie nimalizie kipindi. Akasema, "Fundi, mara ya mwisho uliniomba dakika moja, nikafunga na kufungua Ramadhani nzima bila redio." Akaondoka.

Kwa hiyo jambo ninalo, sababu sina. Sababu imekwenda Biryogo kwa miguu.

Si kitu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hatafuti sababu kwa watu. Nimekaa nikatafuta, nikapata moja nzuri sana: jembe linachosha.


Jumamosi, 22 Februari

Nimepanda. Nilifyeka yale majani marefu ya tangu mwaka juzi, nikayalaza papo hapo, nikaongeza na majani ya migomba ya Mabukwe. Nikatoboa kwa kijiti, mbegu mbili, mguu unafunika. Sikuumwa mgongo. Nilimaliza mapema, nikakaa kitako kwenye nusu yangu, nikamtazama Évode kwenye nusu yake.

Évode alikuwa anageuza udongo kwa mara ya tatu. Ya kwanza kwa jembe, ya pili kwa jembe, leo jembe na reki! Kavunja kila bonge. Kang'oa kila jani, kalitoa nje, kalichoma. Shamba lake ungelala juu yake na shati jeupe. Alikuwa kavua tai akaitundika kwenye mti. Mtu anakuja kulima na tai.

Akaniuliza kutoka chini nitaanza kulima lini. Nikamwambia nimeshamaliza kupanda. Akayatazama majani yangu. Akasema, "Mwanyumba, hapo umepanda au umeficha kitu?" Claudette akacheka mpaka akaketi.

Nikamweleza habari za Brazil. Akauliza kuna waraka wowote unaothibitisha. Nikasema ilikuwa redio. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama ofisi iliyofungwa.


Jumapili, 8 Machi

Maharage yametoka. Ya Évode yametoka kabla, yamesimama mistari kama wanafunzi asubuhi. Yangu yanachungulia katikati ya majani makavu, moja huku, moja kule. Lazima uyainamie ndipo uyaone. Asiyejua anaona majani yaliyokufa tu.

Na wasiojua ni wengi. Bombani leo wanawake walimuuliza Gaudiose kama mumewe ni mzima. Mmoja alipita njia ya mlimani, akaona nusu yetu, akaanza kuomba. Kwao shamba la namna ile ni itongo, mahali ambapo wenye nyumba wamekufa wote na majani yakarudi. Wakampa pole! Gaudiose alirudi na ndoo na pole zao zote, akaviweka chini pamoja.

Mabukwe naye kazungumza na Madamu. Kamuuliza Madamu kama amewahi kuona mkwe anayelisha udongo majani badala ya kumletea mbuzi. Madamu hajawahi.

Bati la jirani limeanza kutoboka upande wa kushoto. Nalijua sasa kuliko mwenyewe.


Alhamisi, 12 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Nami nilikuwa tayari. Nilifukia makopo mawili ya maziwa ya unga, moja mwisho wa nusu yangu, moja mwisho wa nusu ya Évode, yapokee maji yanayotiririka. Hili sikufundishwa na mtu. Nilitaka tu kujua mvua ikipita shambani inaondoka na nini.

Matokeo. Kopo langu: maji kidogo, meupe, unaweza kubatiza. Kopo la Évode: limejaa, limemwagika, maji mazito mekundu, chini limekaa tope la kufinyanga chungu.

Nilikaa na makopo yale muda mrefu. Jambo la kustaajabisha! Mvua ni ile ile, mlima ni ule ule, maharage tumechota gunia moja.

Kisha nikaelewa, na moyo ukaniuma. Chai. Majani ya chai yenye nguvu, ukimwagia maji, maji yanageuka. Majani yaliyochoka, maji yanabaki maji. Udongo wa Évode una nguvu, mvua inaugusa na rangi inatoka. Wangu hauna kitu. Mvua imeupita kama mtu apitaye dukani akakuta rafu tupu.

Brazil wameniponza.


Jumanne, 24 Machi

Mvua imekatika. Jua tangu wiki iliyopita, jua la kukausha nguo zikiwa bado mkononi. Udongo wa Évode umefanya gamba juu, kama ugali uliosahauliwa, na gamba limepasuka. Maharage yake yamekunja majani. Anapanda mlima jioni na ndoo za maji, na viatu vya ofisini.

Yangu ni mabichi. Sijui kwa nini. Nadhani ni upepo, huku juu upepo ni mzuri.

Lakini uchunguzi haulali. Nilifunua majani nikatia kidole. Udongo una unyevu! Jua lote hili na bado una unyevu. Nikashtuka. Kitu kisichokauka juani ni kidonda.

Nikachimba zaidi kwa kijiti. Nyungunyungu! Wanene, wanang'aa, wanapita kama waheshimiwa, na mashimo yao kila mahali. Nikavuka kwa Évode, nikachimba pale: hakuna hata mmoja. Basi, hesabu yake si ngumu. Kwa Évode udongo una nguvu na hauna wadudu. Kwangu udongo hauna nguvu na una wadudu. Wanaoula ni nani?

Nimewakusanya wote niliowaona, kopo zima. Kuwaua nilisita. Nikapata wazo bora. Évode alikuwa ameshaondoka kuwahi basi. Nikavuka na kopo langu, nikawamwaga pale alipotoka kumwagilia, penye ubichi, nikawafunika kwa tope. Waende wakamle yeye!

Nitakuwa nafanya hivyo kila nikipanda mlima. Nimelala... hapana, nitalala vizuri leo. Nimechanganya wakati kwa furaha.


Ijumaa, 10 Aprili

Mvua zilirudi, maharage yanatoa maua. Kila siku kopo moja la nyungunyungu kwa Évode. Kwangu hawapungui. Wanazaana kwa ukaidi.

Lakini leo kuna jambo. Mabukwe kamwambia Madamu kwamba Jumapili ya Matawi, baada ya misa, akina mama wa kikundi chake cha sala watapanda mlimani badala yake. Wayaone mashamba yote mawili, wachomeke tawi la baraka kwenye lililotunzwa vizuri, kisha washuke wamweleze. Kikapu kitaamua, kasema, lakini na macho yapate neno.

Nami nawajua watu. Macho yakishasema, kikapu kinaitikia tu.

Akina mama wa sala! Wale wale wa bombani, waliompa Gaudiose pole kana kwamba nimekufa. Watasimama kati ya nusu mbili. Chini: kanisa lililofagiliwa. Juu: itongo. Nani hapo atachomeka tawi kwa marehemu?

Nilimwambia Gaudiose nataka kuyaondoa majani. Akasema niyaache. Nikamuuliza sababu. Akasema hana sababu, ana macho. Maharage yetu ni mabichi, ya Claudette yameungua, nataka nini tena? Nikamwambia hayo ni mambo ya upepo.

Sasa nina mpango. Ni mzuri kiasi kwamba nimeufikiria mara mbili nikacheka mara mbili.


Jumapili, 12 Aprili, Matawi

Asubuhi niliugua. Nilijifunika blanketi, nikatetemeka kitaalamu. Gaudiose aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akanitazama kwa muda kuliko ugonjwa ulivyohitaji, akaenda misani. Claudette na Évode misani. Kimisagara yote misani, mabonde kimya. Nikachukua jembe la Gaudiose nikapanda mlima mbio.

Mpango ulikuwa na miguu miwili.

Mguu wa kwanza: nusu yangu iwe safi. Nilikusanya majani yote, ya kufyeka na ya migomba, hata yale yaliyooza chini yakawa meusi kama kahawa. Kisha nikalima kati ya mistari. Nililima! Chini, chini kabisa, nikageuza, nikavunjavunja, nikasawazisha kwa mgongo wa jembe. Udongo ulikuja laini kama unga. Mizizi mingine ya maharage ilikatika. Mizizi ni mingi.

Mguu wa pili ndio utamu wenyewe. Majani niyapeleke wapi? Nikayashusha kwa Évode! Mzigo kwa mzigo, kichwani. Nikayatandaza shambani kwake, kati ya kila mstari, kwa uangalifu, nisivunje shina lolote, maana kuvunja shina ni uhalifu na mtu anaweza kuulizwa. Uchafu hauna mwenyewe. Sikubakiza hata upenyo wa udongo wake safi. Na nyungunyungu waliotoka kwenye jembe, nao nikawashusha wote, kundi zima.

Nilirudi kitandani kabla ya baraka ya mwisho. Jasho lilinisaidia: Gaudiose aliporudi alisema homa imepanda kweli.

Alasiri nilipata nafuu ghafla, nikaenda kushuhudia. Akina mama walipanda wakiimba. Walipofika nusu ya Évode, wimbo ulipungua. Mmoja akasema jamani, huku kumeingia nini. Wakatazama juu. Shamba langu jeusi, jororo, limechanwa kama nywele za bibi harusi! Mmoja akapiga kofi moja. Wakachomeka tawi katikati ya nusu yangu, wakasali. Mmoja wa wale waliotoa pole bombani akaniambia, "Baba, umefufuka kabla ya Pasaka!"

Na Évode! Suti ya kanisani, mdomo wazi. Alisema jana hapakuwa hivi. Nikamwambia upepo wa huku ni mbaya sana. Alitaka ayaondoe pale pale, Claudette akamshika koti: Jumapili ya Matawi, mbele ya akina mama wa sala, ashike kazi? Akasema ataanza kesho jioni, akitoka kazini.

Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.


Jumanne, 14 Aprili

Sijui niandike nini.

Jana mchana mbingu ilifunguka. Haikuwa mvua, ilikuwa mtu anamwaga. Kimisagara maji yalishuka njiani yakiwa na viatu, ndoo na kuku mmoja aliyesimama juu ya ubao kama abiria. Leo nilipanda mlimani.

Nusu yangu imeshuka.

Ule udongo laini kama unga umeondoka kama unga. Imebaki mifereji, imechorwa kuanzia juu hadi mpakani, mingine naingia mpaka gotini. Katikati ya mifereji maharage yamening'inia kwa mizizi, yanatazama chini yasikofika. Palipobaki ni changarawe na ule udongo mgumu wa njano.

Nikateremka kuangalia Évode kapatwa na nini. Nilitaraji angalau faraja.

Udongo wangu wote uko kwake. Umefika kwenye majani, majani yakaukamata. Umekaa juu ya mistari yake kwa ulaini, mweusi, wangu kabisa, naujua. Hakuna mfereji. Hakuna gamba. Na tawi la baraka! Lilisafiri na udongo, likanaswa na jani la mgomba, limesimama wima katikati ya shamba la Évode kama lililochomekwa na askofu.

Kopo la chini kwake nilikuta lina maji meupe. Nikapata nguvu kidogo. Maji meupe: nguvu imemtoka!

Évode alikuwepo, karuhusiwa kuchelewa kazini. Hakuwa na reki. Alikuwa amechuchumaa, anafunua jani, analirudisha, anafunua lingine. Aliniambia ameamua kuyaacha kwa sasa, wakati suala linachunguzwa.

Nilikutana na Ismaël njiani wakati wa kushuka. Matope yalikuwa yamenifika kiunoni. Nikamweleza shamba la juu lilivyokwenda kwa wa chini. Aliniangalia, akacheka kicheko cha Biryogo, akasema, "Fundi, si ndio maana wakasema aliye juu mngoje chini?"

Sababu ya Brazil nilisahau kumuuliza kama aliisikia.


Jumamosi, 23 Mei

Tumevuna. Nimejaza kikapu nusu, pamoja na maganda niliyoyaacha ili yasaidie. Évode na Claudette walishuka mara nyingi, vikapu vimefura, Claudette anaimba. Maganda ya Évode yana maharage mpaka nchani. Nilifungua moja kisirisiri. Mpaka nchani.

Gaudiose alikitazama kikapu chetu. Kaketi kizingitini, akaanza kulikaza jembe lake mpini. Nilimuuliza analiandaa la nini, maana mavuno yameisha. Akasema Gatsata hawamalizi kulima.

Leo sikucheka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.


Jumapili, 24 Mei

Hukumu.

Tulikaa uani kwa Mabukwe, wote, na akina mama wa sala, pombe ya mtama katikati, Madamu kafungwa mlangoni kama karani wa mahakama. Mabukwe aliinua kikapu cha Évode, mikono ikatetemeka. Akainua changu. Akakiinua kwa kidole.

Akamgeukia Madamu. Akasema kikapu kimesema: shamba ni la nyumba ya Évode.

Nilikuwa naondoka kwa macho kuelekea bati la jirani, ndipo akasema hajamaliza. Akasema yeye siku ya Matawi hakwenda misani, miguu ilikataa. Alikaa hapa hapa uani, na kutoka hapa mlima wote unaonekana.

Pombe ilinipalia.

Akaendelea, polepole, Madamu akisikiliza kwa makini. Alimwona mtu mzima mmoja, mgonjwa wa homa siku ile, akiyatoa majani yaliyofunika shamba lake mwenyewe, akayabeba kichwani mzigo kwa mzigo, akaenda kuyatandika kwenye shamba la mwanyumba wake lililokuwa linaungua jua. Alitandika kwa upole, bila kuvunja hata shina. Na siku nyingine aliona mtu yule yule akishuka na kopo, kila jioni, kumwagilia pasipo pake. Akavua nguo yake akamvika mwenzake, na mvua ikamkuta uchi. Akauliza: Madamu, wakwe wa namna hii wapo wangapi Kigali?

Uwanja mzima ukanigeukia. Évode akasimama. Macho yake yalikuwa na maji! Akanikumbatia na tai yake ikanifunika uso. Akasema, "Kwa nini hukuniambia, mwanyumba, kwa nini ulisema ni upepo?" Akina mama wa sala wakapiga vigelegele. Mimi nilisema si kitu. Nilitazama kila mtu isipokuwa Gaudiose. Nilipomtazama, alikuwa ameuma upande wa kanga na mabega yanatikisika. Najua si kilio.

Claudette ndiye aliyemaliza. Alisema shamba zima litawashinda, Évode yuko Kacyiru kutwa. Dada yake aje walime pamoja, wavune pamoja, nusu kwa nusu, na habari za Gatsata ziishe. Gaudiose alikubali kabla sijatoa maoni. Walikuwa wameshalizungumza bombani, nadhani, tangu zamani. Sikuulizwa. Hakuna hata aliyenitazama.

Na mimi? Kwa wema wangu nimepewa kazi. Kila msimu nitafyeka majani kote kandokando ya mlima, niyabebe, niyatandaze shamba zima, kwa mkono wangu wenye upole. Évode ameniita "msimamizi wa matandazo". Alisema ataniandikia barua.

Tulipokuwa tunaondoka, Mabukwe alimnong'oneza Madamu kwamba mtu kama huyu asielezwe chochote, asije akaacha. Sijui alimaanisha nini. Nadhani ni sifa.


Jumatano, 27 Mei

Nimetulia sasa, nimefikiri. Mtu akishindwa lazima ajiulize kwa nini, hiyo ndiyo tofauti yangu na wengine.

Mambo yote yako wazi. Kwanza, sikulima chini vya kutosha. Ningeenda chini zaidi, mvua isingefika. Pili, wale nyungunyungu: nilianza kuwahamisha nikiwa nimechelewa. Tatu, majani. Majani yalikuwa machache! Ndiyo maana hayakumdhuru. Kitu kichafu kidogo shamba linakivumilia.

Na sasa wenyewe wamenipa funguo! Msimamizi wa matandazo, naingia na kutoka shambani kwa Évode kwa ruhusa ya ukoo mzima. Septemba atapanda mahindi, kajinyoosha, anajiona bwana shamba. Ngoja.

Leo nimepita kwa Hakizimana, yule mwenye ng'ombe kule bondeni Nyabugogo. Ana lundo la samadi nyuma ya zizi, limekaa miaka, jeusi, linatoa mvuke. Anasema nichukue lote, linamziba njia. Nilisimama karibu nikavuta pumzi, machozi yakanitoka.

Nitalipandisha mlimani lote, kidogo kidogo, kiangazi chote. Nitalizika chini ya majani yake, kila mstari, asione.

Hatajua kimempata nini.